Miisho Iliyofungiwa Sambaza

Kwanza niseme la kijinga nililofanya, kabla hujalisikia kwa rafiki yangu Espoir, ambaye akisimulia huongeza chumvi mpaka supu inakuwa bahari. Jumapili moja ya mpira nilichukua miisho ya vitabu kumi na tisa, zile kurasa za mwisho kabisa ambamo mwizi anajulikana na mpotevu anarudi nyumbani, nikazifungia sambaza za kukaanga na kuwauzia watu waliokuwa wanatoka uwanjani. Walikula wakashiba. Wengine walijipangusa midomo nazo.

Vitabu vilikuwa vya Direktrisi. Sambaza pia zake. Kilichokuwa changu ni mikono tu, na mama yangu husema mikono yangu ilitangulia kuzaliwa, kichwa kikafuata baadaye, kwa miguu.

Direktrisi ni jina la kazi. Aliongoza shule ya msingi miaka mingi, kwanza ng'ambo, kule Goma, kisha hapa Gisenyi, na alipostaafu yeye, cheo kilikataa kustaafu. Hata padri humwita hivyo. Alizaliwa wapi na akina nani sijui, wala sijawahi kuuliza. Ukiwa na umri wangu unaamini walimu wakuu hawazaliwi. Wizara huwaleta wakiwa tayari wamevaa miwani.

Saa tisa alasiri anatoa jiko lake la makaa mbele ya nyumba, huku kwetu Mbugangari, anaweka karai la mafuta na kukaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani vidogo kama kidole cha mtoto, ambavyo unakula kichwa na mkia bila kuulizana maswali. Mbele ya jiko ameweka madawati mawili ya shule, yale ambayo meza na kiti vimeungana. Ukitaka kula hapo hapo lazima uingie dawatini. Nimewaona wanaume wenye vitambi vya heshima wakijikunja humo kama nguo kwenye begi, na wakishakaa tu wanaanza kunong'ona na kuombana kalamu. Dawati halijali umri wa mtu.

Kwetu mfuko wa plastiki ni marufuku, kwa hiyo samaki hufungwa kwa karatasi, na karatasi za Direktrisi zinatosha hadi kiyama: mitihani ya zamani ya wanafunzi wake, imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Unakula taratibu, unafika chini, unakuta mtu alipata nne juu ya ishirini katika hesabu. Jirani yetu dereva wa pikipiki, tunamwita Motari, siku moja alifika chini akakuta jina lake mwenyewe. Alikuwa ameandika kwamba ziwa Kivu liko Ulaya.

"Na leo batu wanakupatia maisha yao uwapeleke," Direktrisi akamwambia bila kuinua macho kwenye karai.

"Lakini nilifika, Direktrisi. Tangu siku ile nimekuwa nafika."

"Ulifika sababu ya abiria. Wao njo wanajua njia."

Kila kitu kwake kina alama juu ya ishirini. Chapati za Mama Zaituna, kumi na tano. Mahubiri ya Jumapili, tisa, na ukimwuliza sababu anasema hakukuwa na introduction. Volkano yetu, Nyiragongo, ikiwaka wekundu ule unaowafanya wageni washike simu juu, yeye aliipa kumi na moja. "Inajionyesha sana." Mimi nilimwigiza siku moja mbele ya madawati yote, sauti yake na mkono wake wa kugeuza samaki, watu wakacheka mpaka Motari akakwama dawatini. Alinitazama nimalize. "Pua yangu haiko vile. Sauti, kumi na nne. Kaa." Zaidi ya kumi na sita sijawahi kusikia amempa mtu, wala mlima.

Maongezi ya pale sijui nimwelezeje mtu ambaye hajakaa. Hakuna anayeyapanga. Yanaanzia kwenye chakula, yanahamia kwenye filamu, yanarudi kwenye chakula. Mama Zaituna, ambaye kila asubuhi anavuka mpaka na mboga zake na kurudi mchana na jibini ya Masisi, anashikilia kwamba sombe, yaani kisamvu, bila mawese ni majani ya ng'ombe. Motari, ambaye anapenda kupika kuliko kuendesha, anashikilia karanga. Hili jambo lina miaka. Siku moja wakamwomba Direktrisi akate shauri. Akageuza samaki zake, akageuza tena.

"Mulipika masaa ngapi?"

"Saa moja," akasema Motari.

"Mi saa moja na nusu," akasema Mama Zaituna.

"Bon. Basi wote wawili mulikula majani."

Yeye mwenyewe samaki hali. Ndiyo, muuza sambaza mashuhuri kuliko wote upande huu wa mji hajawahi kuonekana akiweka hata mkia mdomoni. Anakula chapati na jibini. Motari alipomwuliza sababu aliambiwa ni daktari. Mama Zaituna aliambiwa ni nadhiri. Mimi nilipouliza aliangalia huku na huku, akainama. "Zinaniangalia," akasema.

Filamu ni mkoa wa Espoir. Yeye huangalia zile za kusobanuliwa, ambamo jamaa mmoja anakaa juu ya sauti za Wachina na Wamarekani na kueleza kila kitu kwa Kinyarwanda, akiongeza na ya kwake. Espoir naye anakuja dawatini na kutusobanulia ile iliyokwisha kusobanuliwa, kwa hiyo filamu inapotufikia imeshakuwa na jeshi ambalo halikuwemo.

"Anaruka toka ghorofa ya kumi, sha, anaangukia juu ya voiture, gari inabonyea, anasimama, anapanguza vumbi."

"Alikula nini asubuhi?" Direktrisi akauliza.

"Nani?"

"Huyo wako wa kuruka."

"Haikuonyeshwa."

"Donc ni uongo. Mutu hajakula hawezi kupigana na batu makumi mbili. Mi nilifundisha darasa ya batoto sitini bila chai, najua."

Huo ndio mzani wake wa filamu zote na vitabu vyote: watu wanakula au hawali. Anazipenda filamu za mapigano kuliko mjukuu yeyote, anakunja ngumi akiziangalia, lakini akiona saa nzima imepita na hakuna hata aliyemenya kiazi, anazima. Mapenzi anasema ni upuuzi. Lakini Mama Zaituna alimkuta mara mbili anasoma riwaya ya mapenzi iliyovishwa jalada la kitabu cha hesabu cha darasa la sita, na mara ya pili macho yalikuwa mekundu. Akasema ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Mgeni akikaa dawatini hamwulizi anafanya kazi gani. Anamwuliza, "Ukiacha kazi, unafanya nini?" Kwa maoni yake kila mtu lazima awe na kitu kimoja kisicho na faida yoyote. Karani mmoja wa ofisini alijibu kwamba akiacha kazi analala. "Hata mbuzi inalala," Direktrisi akamwambia, akamkabidhi ubao wa igisoro, bao la huku kwetu, na mbegu zake, na karani akawa mtu wa kila Ijumaa. Yeye mwenyewe igisoro ndicho kitu chake kisicho na faida, na anaiba. Anaiba waziwazi, mbegu mbili mbili, mwanamke aliyewahi kumfukuza mtoto shule juma zima kwa kutazamia kwenye mtihani. Ukimshika anasema alikuwa anakupima kama uko macho.

Sasa vitabu.

Ana kabati zima sebuleni, na anamwazima yeyote, hata mtu anayepita. Lakini kitabu hukipati kizima. Kila kitabu kikiingia nyumbani kwake, kabla hajakisoma hata yeye, anachukua wembe na kukata kurasa za mwisho, taratibu kama fundi nguo, anaziandika namba kwa penseli na kuzitia kwenye kopo la biskuti la bluu. Ukimaliza kitabu unakuja dawatini na kusema mbele ya wote jinsi unavyodhani kinaisha. Unasema wewe kwanza. Watu wanakuuliza maswali, wanakucheka, Direktrisi anatoa alama. Halafu ndipo kopo linafunguliwa na unapewa mwisho wa kweli, na unaapa kutomwambia mtu. Ukikunja pembe ya ukurasa anakugombeza kana kwamba umemkunja mtoto sikio. Wembe lakini anaona sawa.

Nilimwuliza kwa nini anaharibu vitabu.

"Haviharibike. Mwandishi alimaliza, sawa, ni haki yake. Na we pia ukuwe na haki ya kumaliza. Batu wanafika kwenye mwisho kama kwenye barrière ya mpaka, wanangoja stampu. Mi nataka kila mutu avuke kwanza na akili yake."

Nilivuka mara nyingi. Mimi mpumbavu wa darasani, ambaye walimu wangu wa leo wamenichosha na mimi nimewachosha, nimemaliza vitabu ishirini na kitu kwa ajili ya kopo lile. Miisho yangu mingi ilikuwa na mlipuko. Alama saba, alama nane. Direktrisi alinionya hasa kuhusu mwisho mmoja tu. "Weka mlipuko, weka nyoka, usiweke harusi. Kitabu kikiisha na harusi, jua mwandishi alichoka akaita cameraman."

Mwanzoni mwa mwaka huu Mama Zaituna alimletea kutoka Goma kitabu kilichokaa chini ya lundo sokoni, hakina jalada, hakina ukurasa wa kwanza, hakuna ajuaye kinaitwaje wala kimeandikwa na nani. Kiswahili chake kimenyooka kama cha mama yangu, aliyekulia Tanzania na anayesema Kiswahili cha huku ni nguo iliyofuliwa bila kupigwa pasi. Habari yenyewe ni ya mwanamke fundi wa redio. Siku moja anatengeneza redio ya mteja, inawaka, na kitu cha kwanza anachosikia ni mtu akitumiwa salamu hewani, na mtu huyo ni yeye, kwa jina lake lote. Kabla mtumaji hajatajwa, redio inazima. Basi anafunga kibanda na kuzunguka miji akitengeneza redio za watu na kuuliza nani alimkumbuka.

Tulikisoma kwa zamu, dawati zima. Direktrisi alikisoma wa mwisho kati yetu sote, polepole sana, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuwa na ukungu. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Alilalamika kila siku. "Kurasa mia mbili na huyu mwanamuke hajakula. Anatembea tu. Hata muhindi ya kuchoma." Lakini hakukiacha. Daktari akampa siku ya kupasuliwa jicho la kwanza, na hapo ndipo alipotuambia jambo ambalo hakuliambatanisha na mzaha.

"Kama jicho inakataa, nataka hiki njo kikuwe kitabu ya mwisho nilimaliza na macho yangu mwenyewe. Nitasema mwisho wangu Jumapili ijayo, halafu nitafungua kopo."

Jumapili hiyo ijayo ndiyo ile ya mpira.

Aliitwa kliniki ghafla kupimwa mara ya mwisho, Motari akampakia, karai likabaki kwa Mama Zaituna. Mimi nikajitolea kufunga. Kusema kweli mwanzo ulikuwa mzaha wa karatasi moja. Espoir alikuwa amekwama kwenye kitabu cha upelelezi kwa juma zima, anazunguka akituhumu kila mtu mpaka mbwa, nikaona itakuwaje akila sambaza zake afike chini amkute mwuaji anamsubiri. Nikafungua kopo la bluu. Nikamfungia. Alipofika chini akapiga yowe ambalo lilinifurahisha kuliko ilivyostahili. Basi nikafungia mwingine, na mwingine.

Kisha mechi ikaisha, umati ukateremka, Mama Zaituna anapiga kelele "funga, mutoto, funga," karatasi za mitihani zikaisha, na mikono yangu ikaendelea bila mimi. Nilifungia watu wa Nyundo, watu wa Nyakiriba, mabibi wa saluni, nikapeleka hata kifurushi cha nyumbani kwetu. Nilipotia mkono kwenye kopo tena nikakuta bati.

Direktrisi aliporudi hakupiga kelele. Alilishika kopo, akalitikisa karibu na sikio kama mtu anayepima yai. Mama Zaituna akajifanya ana kazi na pilipili.

"Na ya fundi wa redio?"

Nikasema hata nayo.

"Bon," akasema. Alikaa kitako kwenye dawati lake mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Baadaye akasema, "Mi siwezi kukuchapa, nimestaafu. Toka kwenye banc yangu, hii dawati. Ukileta ile ya fundi, unarudi kukaa. Zingine leta pia, lakini ile njo nataka. Na uharakishe, mi macho yangu inaenda."

Nina majina mengi ya adhabu niliyopata shuleni na hakuna iliyoniuma kama kusimama ng'ambo ya barabara saa tisa, nasikia watu wanacheka dawatini na sijui wanacheka nini.

Basi nikatafuta. Motari alinibeba bure kwa sharti nimnong'oneze mwuaji, nikamnong'oneza, Mungu anisamehe. Ukurasa mmoja ulikuwa ndani ya kofia yake ya abiria. Mbili zilikuwa saluni, mmoja ukiwa bado umekunjwa kwenye nywele za mteja, tukasubiri akaushwe. Nyakiriba tulikuta mbuzi amemaliza mwisho wa kitabu cha safari, na mwenye mbuzi akasema tangu hapo mnyama huyo hatulii nyumbani. Kanzenze, mkulima mmoja wa viazi alikuwa ameubandika ukutani ukurasa wake, akakataa kuutoa. "Huyu mtu anaomba msamaha," akasema, "na mimi sijui alifanya nini. Nileteeni mbele yake." Jumamosi iliyofuata aliteremka mwenyewe na gunia la viazi, akaingia dawatini, akaazima kitabu kukisoma kwa kurudi nyuma. Mama Zaituna aliuliza wateja wake wote wa Birere, ng'ambo. Kumi na tatu zikarudi, zinanuka samaki.

Ya fundi wa redio haikuwemo.

Nyumbani nilinyamaza kama mtungi. Mama yangu ni mtu wa kusoma chochote kinachosimama mbele yake, pakiti ya chumvi, tangazo la maziko la watu asiowajua, na jambo kama hili lingemfikia angelisoma usoni mwangu lote. Aliniuliza tu mbona siku hizi natembea sana. Nikasema mazoezi. Akasema vizuri.

Siku ya kupasuliwa ikafika kabla sijaipata karatasi ile. Direktrisi aliingia kwa daktari bila mwisho wake.

Usiku huo sikulala vizuri, na asubuhi nikafanya jambo la pili, ambalo mpaka leo sijui kama ni la kijinga. Nikaandika mwisho. Bila mlipuko. Niliandika kwenye daftari la kemia, ambalo lilikuwa tupu, nikafuta, nikaandika tena siku tatu nzima. Nikaenda kwenye kibanda cha kuchapisha karibu na soko, nikampa dada wa kompyuta karatasi ya rangi ya chai niliyoinyofoa mwishoni mwa kamusi ya zamani. Akaniuliza kama ni kazi ya shule. Nikasema ni kazi ya samaki. Nikairudisha nyumbani na kuipaka mafuta ya kukaangia, pembeni zaidi kuliko katikati, nikaikunja mara nne.

Jumamosi iliyopita nilivuka barabara. Direktrisi alikuwa amekaa sebuleni mchana, jicho moja limefunikwa pamba nyeupe, karai limepumzika. Daktari alikuwa amemwambia jicho limekubali, pamba itatoka baada ya siku chache, kisha zamu ya la pili. Espoir na Mama Zaituna walikuwa pale. Niliwaambia nimeileta.

Mama Zaituna akanitazama kwa muda mrefu kidogo.

"Ngoja," Direktrisi akasema. "Sheria ni sheria. Mi nitangulie."

Akasema mwisho wake. Kwake, salamu hazikuwa za fundi kabisa. Zilikuwa za mwanamke mwingine mwenye jina hilo hilo, mji wa mbali, na fundi anamkuta, wanacheka, na anarudi kufungua kibanda chake. "Miji yote ile alitembea ndani ya salamu ya mutu mwingine," akasema. "Lakini alitengeneza redio za batu. Haikupotea." Hakuna aliyetaka kumpa alama. 

"Bon. Soma."

Nikasoma. Kwenye mwisho wangu fundi anarudi nyumbani amechoka na kumkuta bibi kizee mlangoni, ameshika redio mbovu. Ni mteja wake wa zamani kabisa, ambaye aliwahi kutengenezewa bure na hakuwa na namna ya kushukuru ila kutumia salamu. Fundi anamwuliza mbona hakuja kusema tu. Bibi anasema, nilikuja, kibanda kilikuwa kimefungwa, ulikuwa umekwenda kunitafuta. Kisha bibi anafungua kitambaa alichokuja nacho, sambaza za moto, ndimu na pilipili, wanakaa kizingitini wanakula mpaka vidole vinang'aa.

Nikamaliza. Direktrisi alinyoosha mkono nikampa karatasi. Aliinusa. Akaiinua mbele ya jicho lake lililobaki, akaishusha.

"Wanakula," akasema.

"Ndiyo, Direktrisi."

"Kurasa mia mbili mwandishi hakumupatia huyu mwanamuke hata maji. Kwenye mwisho anamupikia sambaza na pilipili."

Nikapangusa mafuta vidoleni. Espoir alianza kuangalia dari kana kwamba kuna filamu.

"Ni kumi na saba," akasema Direktrisi. "Toa tatu ya uongo. Kumi na nne." Akaikunja karatasi ile ile mara nne, akamwambia Mama Zaituna alete kopo, akaitia ndani mwenyewe na kushindilia kifuniko kwa kiganja. "Sasa kitabu kimeisha. Na kesho saa tisa njoo ukae, lakini kwenye karai usiguse."

Kumi na saba. Mlima wenyewe ulipata kumi na moja. Nilikwenda nyumbani nikiruka mitaro, na shida ya furaha ya namna ile ni kwamba haiwezi kukaa bila kusimuliwa, na huwezi kusimulia kumi na saba bila kueleza umeipataje. Mama alikuwa jikoni anachambua maharage. Nikamweleza yote: kopo, umati, mbuzi wa Nyakiriba, kamusi, mafuta, pamba ya jichoni. Nilimsomea mwisho wangu bila karatasi. Alichambua mpaka ungo ukaisha, akatoa jiwe moja la mwisho, akaliweka kando.

"Ile karatasi ya fundi wa redio ninayo mimi tangu Jumapili ya mpira, iko chini ya trei ya vikombe; nilikuwa nasubiri uniulize," akasema. "Wanaoana tu. Nenda kalete mkaa."